Ami, Uliyetukataza Kuulizana

Ami yangu mpenzi,

Sabalkheri. Nakusalimu wewe kwanza, kama ilivyokuwa kila siku baada ya sala ya alfajiri, ingawa leo nna hasira na wewe na sitaki kujidai kwamba sina. Barua hii nitawatumia na wale waliobaki kwenye kundi letu la simu. Wasome. Nimechoka kusema nao kwa mdomo nikajibiwa kwa vichekesho.

Huu mwezi wa tano tangu tukuzike, na jamaa zako wanaamka vile vile. Siku hizi Salim ndiye anayefungua njia. Anagonga kijiko kwenye kikombe mara tatu kama ulivyokuwa ukigonga wewe, anarikodi, anatuma. "Dodoma imefunguka. Saranda, upo?" Na mimi najibu kuwa nipo. Najibu kwa sababu nisipojibu wataanza kucheka.

Mtu asiyetujua atasema ni wazimu, na wewe mwenyewe ulikuwa ukituita hivyo. Watu saba wazima na akili zao, wanakaa Omani, nchi ambayo haina hata stesheni moja ya treni, na kila kukicha hawana habari nyengine ila reli. Wewe ulikuwa Tabora, kwa sababu ndiko ulikozaliwa, duka la babu likitazamana na stesheni. Salim ni Dodoma kwao, mhandisi mzima, chumba kizima cha nyumba yake kimejaa treni za kuchezea na mkewe hana pa kuweka cherehani. Mimi ukanipa Saranda kwa ajili ya kuku wao wa kuchoma, ukasema tumbo langu limeshachagua, huna haja ya kuniuliza. Na Bi Zuwena wa Qurayyat akaikataa Reli ya Kati yote. Yeye Mzanzibari, akataka Bububu, treni iliyokufa kabla hata mama yake hajazaliwa.

"Reli ya maili saba!" ulikuwa ukimtania. "Mtu akipiga chafya Mjini, pua anajifutia Bububu."

"Na hiyo ya kwenu ndefu imekufikisha wapi, yakhe?" anakujibu. "Si hapa hapa nilipofika mie?"

Nakumbuka nilivyokuwa nikiwasikiliza huku nawafungia watoto chakula cha skuli. Mume wangu ananitazama nacheka peke yangu jikoni, anatikisa kichwa. Kila mmoja anangoja zamu yake, hakuna kusema kabla stesheni ya nyuma haijakupitisha. Ulisema njia ni moja, treni mbili zikiingia pamoja zitagongana, na maneno nayo ni hivyo hivyo. Tulikuwa na adabu kuliko mkutano wowote niliowahi kukaa kazini.

Na asiyejibu je? Asiyejibu amechelewa. Hapigiwi simu, haulizwi. Waliobaki wanatunga sababu: ng'ombe kalala relini, mvua imekula tuta kule Kilosa, dereva kashuka kununua vitunguu. Mwenyewe akitokea, saa tatu au saa nne, anapokewa kwa vifijo, na aliyetunga vizuri ndiye mshindi wa siku. Kanuni hiyo uliiweka wewe, Ami. Si Salim, si Bi Zuwena. Wewe.

Najua ulikoitoa, maana nilikuwapo. Mwaka ule niliomaliza masomo ulinichukua kwenda kuiona Tabora, na treni yetu ikasimama Saranda asubuhi, ikasimama, ikasimama, mpaka jua likawa utosini. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya vimenichubua kisigino na nilikwenda kumuuliza kila mtu mwenye kofia: tunaondoka saa ngapi? Wewe ulikaa chini pembeni mwa njia, paja la kuku mkononi, umevua koti, unacheka na watu usiowajua. Nikaja nimefura kama andazi.

"Kaa, mwanangu," ukaniambia. "Treni haina pa kupotelea, njia yake moja. Hapa nilipo hakuna anayenitaka neno. Unaijua raha yake?"

Sikuijua. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na kisigino kinaniuma. Nilikuja kuijua alipofariki mkeo, Bi Moza, ukabaki peke yako Mabela, hapa Maskati, na sote tukakuandama kwa simu. Umekula? Umelala? Umekunywa dawa ya presha? Wanao walioko Uingereza wanapiga, mimi napiga, shangazi anapiga. Siku moja ukaniambia kwa sauti ya chini, bila ya hasira, kwamba unajiona kama mzigo uliopotea na kila mtu anautafuta. Wiki ile ile ukaanzisha kundi, na kanuni yake ya mwanzo ikawa hiyo. Nikafurahi, wallahi. Nikasema Ami kapata pumzi.

Halafu siku ile kijiko hakikugongwa.

Saa kumi na mbili kimya. Saa moja Bi Zuwena akatuma sauti: "Aka! Leo stesheni masta mwenyewe kachelewa. Makubwa!" Salim akasema lazima ukatwe mshahara. Mimi nilikuwa ndani ya gari, natoka nyumbani Mawaleh, nikabonyeza nikasema: "Stesheni masta kashuka Saranda kula kuku, treni imemwacha." Walicheka mpaka Salim akakohoa. Walinipa ushindi wa siku kabla hata ya saa mbili, na mimi nikashika njia ya mjini. Kwako Mabela ni upande wa pili, dakika kumi na mbili.

Tulitunga mpaka adhuhuri. Salim akachora picha yako umekaa juu ya kreti la soda na filimbi shingoni. Bi Zuwena akasema umeoa Itigi. Hakuna hata mmoja aliyepiga simu, Ami, kwa sababu hapigiwi simu. Aliyekukuta ni jirani yako, Mwarabu wa watu asiyejua neno moja la Kiswahili wala habari ya treni yoyote. Alikuletea sahani ya harisi, ngano iliyopondwa na nyama, akagonga, hukujibu, akachungulia dirishani. Hakuwa na kanuni ya kumzuia.

Simu yako ilikuwa mezani, hatua nne kutoka pale ulipoanguka. Jirani aliniambia kwamba alipoingia aliikuta inalia ting, ting, ting, haipumziki. Ilikuwa ni sisi, tunacheka. Sijui uliisikia kwa muda gani. Hilo ndilo linaloniamsha, na sina wa kumuuliza ila wewe.

Hospitali daktari akataka kujua umeanguka saa ngapi na mimi sikuwa na la kumwambia. Akasema, "Lau angeletwa asubuhi," halafu akajishughulisha na karatasi zake. Siku mbili ulinitazama bila ya kuweza kusema. Mtu aliyezungumza kila alfajiri kwa miaka minne!

Basi ndiyo hasira zangu. Mtu mzima wa miaka sabini na nne, ana presha, anaishi peke yake, anajiwekea kanuni ya kutotafutwa na anatushikisha sote, na sisi tunashika kama aya. Nilikwambia uje ukae kwetu, chumba kipo, ukanijibu watoto wangu wana kelele na hawajui Kigoma iko upande gani. Nikacheka na hapo pia. Nimekasirika na wewe, nimekasirika na Salim na mapicha yake, na mimi mwenyewe siwezi kujitazama kwenye kioo.

Baada ya arubaini yako niliwaandikia. Nikasema tubadilishe: atakayekuwa kimya mpaka saa mbili apigiwe, asipopokea, aliye karibu aende akagonge mlango. Ni jambo la akili tu. Nilidhani watasema hata kesho tumechelewa. Salim akajibu, "Dada, Ami mwenyewe asingelitaka." Kila nikilileta upya nasikia hilo hilo: Ami asingelitaka, Ami alisema, kundi ni la Ami. Wanalichukua jina lako wananizibia nalo mdomo! Nilitupa simu kwenye kochi ikadunda ikaanguka chini, na kioo chake kina ufa mpaka leo.

Bi Zuwena peke yake ndiye aliyenijibu kwa maana. "Mwanangu," akasema, "mie nna miaka sabini na ushei. Wanangu wakinipigia wananiuliza sukari, wananiuliza choo. Mahali pekee ninapochelewa nikaambiwa mie ni treni ni hapa. Na hapa napo unataka kunifanya mgonjwa?"

Nilikasirika zaidi. Alisema yale yale uliyoniambia wewe Saranda, isipokuwa yeye hakuwa na kuku mkononi. Nikawa naitikia zamu yangu na kuzima simu.

Sasa sikiliza lililotokea Jumatatu hii. Salim kagonga kijiko, Dodoma ikapita, Saranda nikapita, na wengine wakapita. Bububu kimya. Saa moja na nusu kimya. "Papa kalala relini," akasema Salim, na wengine wakadakia. Nilikuwa nimeshafika kazini, mkoba uko begani bado. Nikapiga simu ya Bi Zuwena mara tatu, imezimwa. Nikamwambia mkubwa wangu nna udhuru, nikarudi kwenye gari.

Kwenda Qurayyat ni zaidi ya saa nzima, unajua, majabali kulia majabali kushoto. Njia nzima simu inalia ting, ting pembeni yangu. Kila mlio ulikuwa ukinipanda kichwani. Nilikuwa nalia, natukana, nasoma ayatulkursi, vyote pamoja, Mungu anisamehe. Nilipofika sikugonga mlango, niliupiga kwa viganja viwili.

Ukafunguliwa. Bi Zuwena kasimama na kanga kifuani, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Kuna nini? Nani kafa?"

Simu yake ilimtumbukia kwenye ndoo ya kufulia, kaifukia ndani ya mchele ikauke. Anapika mikate. Mzima kama chuma. Alipoelewa kilichonileta, akanipandishia hapo hapo mlangoni, majirani wanasikia.

"Umeacha kazi, umevuka majabali yote hayo, kuja kunitazama kama mie nishakufa?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndiyo, Bi Zuwena. Nimekuja kutazama kama umekufa."

Nikakaa kwenye kizingiti chake. Alisimama juu yangu, nasikia anavyohema kwa hasira. Kisha akakaa na yeye, kwa tabu, goti lile bovu, akanishika mkono akanipaka unga wote.

"Hukumuua wewe," akasema.

"Nilicheka."

"Sote tulicheka, mwanangu. Mie nilimuoza mke Itigi."

Hakuniambia nisilie. Baadaye akaniomba simu yangu, akabonyeza kwa kidole cha unga, akawatumia sauti: "Bububu hapa. Nimechelewa, na nimefuatwa mpaka nyumbani kwangu. Mie sikupenda, na nasema mbele yenu sikupenda. Lakini mtoto huyu kaja. Kuanzia kesho atakayenyamaza mpaka saa mbili atapigiwa, na asipopokea ataendewa. Asiyetaka ashuke."

Wengine wameitikia. Salim hajajibu mpaka hivi naandika, kanuna. Asubuhi hii kagonga kijiko, kaniita kwa zamu yangu, na sauti yake kavu kama mtu anayesoma risiti. Na anune. Nitamwendea na yeye siku akinyamaza, nimkute na treni zake za kuchezea anikemee.

Usidhani nimepata raha. Nilirudi Maskati na unga kwenye mkono wa baibui, nimechoka, na hasira zangu ziko pale pale, ila sasa najua zilikuwa zikimtafuta nani. Qurayyat nimekwenda saa nzima na zaidi kwa ajili ya simu iliyolowa. Kwako zilikuwa dakika kumi na mbili, na nilikuwa na petroli, na nilikuwa nimeshakaa ndani ya gari.

Kwa hiyo kanuni yako imekwisha, Ami. Nakwambia mimi mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Mola akukunjulie kaburi lako na akulipe kwa kila alfajiri uliyotuamsha tukicheka. Niwie radhi kwamba nimeivunja kanuni yako. Na zaidi ya hapo niwie radhi kwamba sikuivunja siku ile.

Mwanao,
binti wa nduguyo