Kuachwa Mlimani au Kuongozwa

Boise, 4 Agosti

Babu Bittor,

Shikamoo. Magoti yanakusikiliza siku hizi? Sisi wazima, mama anakusalimu.

Umeuliza tuchague nini Oktoba tukienda kuwinda kulungu: wenye nyumbu wa mizigo watupandishe, watuachie hema na kuni, warudi siku ya sita, au tuwe na mwongozaji kila siku, kutwa nzima. Mama anataka mwongozaji, kwa ajili ya magoti yako. Mimi naomba tuachwe. Nakuungamia sababu: nina lugha mbili, Kibaski cha kwenu na Kiingereza cha shule, na katika zote mbili nashikwa na kigugumizi. Kwako tu maneno hutoka.

Mjukuu wako,
Nekane

Salmon, 15 Agosti

Mjukuu wangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika lakini yanatembea. Mama yako asijue. Basi, tutaachwa. Kulungu hataki maneno, kwa hiyo umeshanizidi. Mdomo wangu umefukuza madume wengi kuliko bunduki yangu ilivyoua.

Babu

Boise, 23 Oktoba

Babu,

Shikamoo. Uvimbe wa goti umepungua?

Hukuniuliza kilichotokea nilipokuacha juu ya gogo siku ile ya pili, huwezi hata kusimama, na nyama ya dume langu inaning'inia mtini kwenye joto kama la Julai. Nilivuka kijito hadi kambi ya wanaoongozwa. Mwongozaji wao, yule mama Loretta, alikuwa akimenya viazi. Nilikwama kwenye neno "babu". Hakunimalizia. Akaendelea kumenya mpaka likatoka.

Akauliza, "Mapaja mmeyapasua hadi mfupani?"

Nikamwambia babu yangu amesema kuchuna ngozi kunatosha.

"Babu yako mchunga kondoo, eh?" Akaacha viazi, akatandika nyumbu, tukaja kwako.

Tulipoteza paja moja tu, Babu. Namshukuru kila tunapokaa mezani.

Nekane

Salmon, 30 Oktoba

Mjukuu wangu,

Goti linapona, ahsante. Ni kweli, nilimhesabu kulungu kama kondoo. Paja la kondoo hupoa lenyewe. Lile nene la kulungu huficha joto mfupani na kuoza kwa ndani. Miaka hamsini hapa, na bado najifanya najua.

Nashukuru ulivuka kijito. Nilijua kilivyokuwa kipana kwako. Mwakani nenda na mwongozaji. Mimi nimemaliza, nitabaki na mbwa.

Babu

Boise, 9 Novemba

Babu,

Shikamoo. Mbwa atakaa kwa jirani.

Nimempigia Loretta simu, mwenyewe, mama akiwa kazini. Jina langu lilinigomea mara mbili, alingoja. Nikasema tunataka kuongozwa, watu wawili, mmoja apande nyumbu mpaka juu. Akauliza kama huyo mzee atawinda au atakaa tu kambini apige domo.

Nikamwambia, "Atapiga domo. Ndiyo maana namleta."

Alicheka sana. Katuandika wote wawili.

Mjukuu wako,
Nekane