Hatua Ine za Aurore

Mupendwa maman Colette, naomba unisaidie, na ukisoma hii barua kwa radio usitaje jina yangu, sema tu maman wa Bagira. Mutoto yangu Aurore iko na miaka mbili na nusu, alichelewa kutembea ju muguu ya kushoto iko zaifu, na kila juma, siku ya vendredi, ninamupeleka kwa kiné, munganga wa mazoezi ya viungo, papa Gracien, mwenye anamufundisha kusimama, ninamuvalisha viatu ya misa, kubwa kidogo ili imukalie miaka, na kila mara papa Gracien ananiuliza, "Maman, nyumbani anatembea peke yake?" na mimi haya ilinikamata, niliogopa atasema simufanyishe mazoezi, na kweli siku zingine nilikuwa ninamubeba tu mugongoni ninaenda naye soko, basi nikajibu, "Ndiyo papa, anatembea, ni hapa tu njo anaogopa blouse yako nyeupe." Akaandika kwa fiche, ile karatasi ya mutoto. Bwana yangu, mwenye iko anachimba zahabu Shabunda, naye akauliza kwa telefone, nikamujibu ile ile. Tangu mwezi wa tatu ninasema vile, na Aurore hata hatua moja bado.

Sasa hii juma, siku ya mardi, nilikuwa ninachambua maharagi, Aurore ameshika beseni, nikaona anaachilia mikono. Moja, mbili, tatu, ine! Akaangukia magoti yangu, anacheka. Mungu wangu, nililia mupaka maharagi ikamwangika! Nikakamata telefone niite bwana yangu, lakini nitamuambia nini? Yeye anajua mutoto alisha kutembea zamani. Na papa Gracien alisema hii vendredi ni évaluation ya mwisho, kama anatembea muzuri nyumbani atafunga fiche, mazoezi iishe. Nikisema ukweli atanifukuza, nikinyamaza Aurore atakosa kiné. Nifanye nini, maman?

*

Maman wa Bagira, kwanza pokea vigelegele yangu, ju naona hakuna mwenye alikupigia. Hatua ine! Félicitations! Sasa ikala chini, nikugombeze.

Weye ulifikiri kiné anakupatia weye points? Anaangalia muguu ya mutoto. Anataka kujua goti inakunjama namna gani, mutoto anaangukia upande gani, anashika nini ili asimame. Ukimudanganya, anapanga mazoezi ya mutoto mwingine, haiko ya Aurore. Akilia pale ju mazoezi inamushinda, haiko ju ya blouse, ni ju ya mudomo yako. Ulifanya vibaya, ninakuambia wazi.

Lakini tulia, hakuna kitu iliharibika. Kiné iko na macho yake, na hawezi kufukuza mutoto ju mama yake alisikia haya. Bamama wengi walisha kuniandikia hii mambo, hakuna hata mumoja alifukuzwa. Fiche inaandikwa na bic, na bic inaweza kukata mustari.

Vendredi, ile viatu ya misa ibakie nyumbani. Beba beseni. Umuikalishe Aurore chini, miguu bila kitu, mbele ya papa Gracien, umuache asimame mwenyewe. Usimushike, usiongee. Halafu useme: "Papa, nilikudanganya. Anatembea tangu mardi." Uombe fiche isifungwe, na ile mazoezi uyafanye kila siku, hata siku ya soko.

Ukitoka pale, ita Shabunda, umuambie bwana yako yote. Atakasirika kidogo, halafu atakuuliza ni hatua ngapi. Umuhesabie polepole, na ulie kama unataka. Ni ine, maman. Usiongeze hata moja.