Mkanda wa Baba Umekwenda Baharini

Nyumba ya Wageni Kitamura,
Kijiji cha Mineshita,
Nagano.
Tarehe 19 Januari.

Mpendwa wifi yangu Chizuko,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye theluji. Hujambo wewe? Shemeji naye, mgongo umepoa tangu aanguke kwenye ngazi? Watoto wanaendeleaje na masomo? Asubuhi nilipoweka wali mbele ya madhabahu yetu ya nyumbani niliwataja nyote kwa majina, nikamshukuru Buddha Amida kwa ajili yenu.

Sisi ni wazima, ila theluji ya mwaka huu haina adabu. Unaikwangua paani asubuhi, mchana imejaa tena kana kwamba hukufanya kitu. Magoti yananiuma nikikaa muda mrefu mbele ya madhabahu, lakini hayo nimeshayazoea. Mboga za kuchacha zimeiva vizuri pipani. Nimekufungia kidogo, nazo zitakuja na mtu nitakayemtaja huko mbele.

Sasa wifi, kaa chini. Kaka yako amenichosha.

Unaukumbuka mkanda wa Baba wa kubebea begani mbao za kutelezea kwenye theluji, ule alioushona mwenyewe kwa koti lake kuukuu la wazima moto wa kijiji? Nauliza tu, najua huwezi kuusahau. Mama anasema mbao zako za utotoni zilibebwa humo humo, wewe ukimfuata nyuma unalia baridi. Tangu Baba alipofariki, mkanda ulikuwa ukining'inia kwenye kigingi pale mlangoni. Mama akipita huushika pale palipopauka kwa jasho, palipokaa bega la Baba. Anaushika, kisha anakwenda zake jikoni.

Vuli iliyopita Mama alishona mikanda mingine ya namna ile kwa ajili ya wageni. Wazo lilikuwa langu, na lilikuwa wazo zuri. Wageni wetu wa mjini hukumbatia mbao zao kama watu waliombeba mgonjwa. Mmoja aligeuka kuniaga, ncha za mbao zikaiangusha taa ya mlangoni. Kwa mkanda ni kazi rahisi: kitanzi huku, kitanzi kule, mbao zimekaa pamoja, uzito uko begani, na mikono miwili iko huru kushika ukuta ukiteleza. Hata ule ubao mmoja mpana wanaoupenda vijana unaingia. Mama alichana mishipi ya kimono yake ya zamani, akashona mpaka macho yakamwuma.

Mikanda ilikuwa ya kuazima. Mgeni anachukua asubuhi, anarudisha jioni. Nilimwambia Tokuji, huyo kaka yako, aitundike mlangoni, kisha nikaenda hekaluni kwenye kikao cha kina mama. Niliporudi sikuiona ukutani.

"Baba Rika, ile mikanda iko wapi?"

"Nimeshaipanga vyumbani," akasema, tena kwa fahari. "Kwenye sinia, pamoja na taulo na vitafunio vya chai. Imependeza, kaione!"

Wifi, nilikaa pale pale kwenye kizingiti na viatu vyangu. Wewe ukilala nyumba ya wageni, kile kitaulo chembamba chenye jina la nyumba, huondoki nacho? Kila mtu huondoka nacho. Kilichowekwa kwenye sinia umepewa, na ukikiacha utaonekana umedharau. Mtoto mdogo analijua hilo. Kaka yako amezaliwa ndani ya nyumba ya wageni, ameoga na vitaulo hivyo tangu uchanga, na sasa ana mvi, lakini halijui!

Nikasema nipite vyumbani niikusanye, nikakuta wageni wameshaingia na wanashukuru. Bibi mmoja alinishika mikono yote miwili, akasema hajapata kuona ukarimu wa namna hii. Ningemwambia nini? Nirudishie? Nikainama. Siku ya kuondoka wakatoka na mikanda ya Mama imekunjwa vizuri mikobani, nami nikainama tena, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Hayo ningeyameza. Mikanda inashonwa mingine. Ila nilipokuwa nafagia mlangoni nikainua macho, na kigingi cha Baba kilikuwa kitupu.

"Ulipungua mmoja," Tokuji akaniambia, hata hajaacha kunywa supu. "Nikaona ule wa Baba uko bure tu, nikaujazia. Si wangeurudisha?"

Uko bure tu! Nilienda nikakaa mbele ya madhabahu nikalitaja jina la Amida mpaka mikono iliyokuwa inataka kumrushia ufagio ikatulia.

Walioondoka nao ni vijana, mume na mke, kina Sameshima, nao ni wa huko huko kwenu Kagoshima. Nikamwambia Tokuji apige simu mara moja. Akaanza kujikuna shingo. Atasemaje? Aseme zawadi tuliyowapa haikuwa zawadi? Watu watatuonaje? Siku zikapita, yeye anajikuna na mimi nanung'unika, mpaka likaja boksi la machungwa kutoka kwa kina Sameshima, shukrani kwa ukarimu wetu. Nikamwambia usiguse hayo machungwa. Nikaenda kuvua aproni, niliporudi ameshamenya la tatu.

"Matamu sana, Mama Rika. Hebu onja."

Sasa tumekula. Utamdaije mtu kitu chako wakati machungwa yake yamo tumboni mwako?

Jioni hiyo mke wa Sameshima akapiga simu kuuliza kama boksi limefika. Binti mwenye sauti nzuri, mwenye heshima zake. Nilikuwa nimejikaza niseme. Akaniwahi.

"Mama, ule mkanda mume wangu hauachi! Anabebea ubao wake wa kuchezea mawimbi. Kila alfajiri anaenda nao baharini."

"Baharini?"

"Ndiyo, Mama! Anasema haujawahi kumwuma begani hata kidogo. Ni kama ulishazoea kubeba."

Nikasema nimefurahi. Wifi, kinywa changu mwenyewe kilisema nimefurahi!

Na kumbe mabaya zaidi yalikuwa yanakuja. Mama alikuwa ameshaona kigingi kitupu. Akamwuliza Tokuji mkanda wa baba yake uko wapi, na kaka yako, badala ya kusema kweli, akamjibu kwamba ameupeleka hekaluni ukaombewe kabla ya kumbukumbu ya Baba. Amelitia hekalu kwenye uongo wake! Mama akafurahi sana. Akanisifia mwanawe: siku hizi Tokuji amekuwa mtu wa dini. Nilikuwa naosha mchele, nikauosha mpaka ukakaribia kuwa uji.

Kasisi wa hekalu alikuja juzi, kama ajavyo kila mwezi tarehe aliyofariki Baba. Akamaliza kusoma, nikampa chai. Mama akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Mwalimu, nakushukuru kwa kuutunza mkanda wa mzee wangu."

Kasisi akaangalia chai yake. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia sahani ya mboga.

"Mkanda?" akasema.

"Ule wa mbao za theluji. Tokuji amekuletea uuombee."

"Aa," akasema taratibu, "huenda ulifika nikiwa nimetoka, bibi. Nitauliza nyumbani."

Kumbe naye anataka kutufichia aibu! Kasisi mzima, na shanga mkononi, anatafuta uongo wa heshima chumbani kwangu mbele ya Amida! Hapo nikashindwa. Nikasema, "Mama, mkanda uko Kagoshima." Nikaeleza yote, sinia, taulo, machungwa, ubao wa mawimbi. Kasisi akamaliza chai kwa mkupuo mmoja akaaga.

Tokuji alikuwa paani anakwangua theluji. Mama akafungua dirisha.

"Tokuji! Shuka!"

"Namalizia upande huu, Mama!"

"Shuka kabla sijaiondoa hiyo ngazi!"

Akashuka, akapiga magoti kwenye mkeka na nguo zake zinachuruzika maji. Sijapata kumwona Mama hivyo tangu nilipoolewa humu. Hakupaza sauti tena, na hilo ndilo lililonitisha.

"Umempeleka baba yako baharini."

"Mama, sikujua kwamba..."

"Sinia ni nini ulijua kabla hujajua kutembea."

"Nitawapigia simu leo hii."

"Simu? Machungwa umeyala kwa mdomo wako, na mdomo huo huo utauchukua ukaombe mbele ya uso wa watu. Usipourudisha, siku ya kumbukumbu mimi siketi. Mtakaa nyinyi na ndugu na kasisi, mtakula. Mimi nitakuwa chumbani kwangu."

Nawe unajua akisema hivyo amesema. Kumbukumbu ya mwaka wa tatu wa Baba, shangazi Yoshino na wote wamefika, na mjane hayupo mbele ya madhabahu! Siku hizi usingizi wangu ni wa kuvizia.

Basi Tokuji anapanda treni Jumatatu, na atafika kwako Jumanne jioni. Vyumba vyote vimejaa wageni, na mimi nitabaki na kifungua kinywa, koleo la theluji na magoti yangu. Anakuletea hizo mboga. Mlaze, mlishe, lakini usimwachie aende peke yake. Ukimwacha, wataanza kupeana heshima mlangoni, atapewa machungwa mengine, atarudi nayo.

Anakuja na mkanda mpya wa kubadilishana. Mama ameushona tangu juzi kwa kitambaa cha turubai kisichoogopa maji, na ameurefusha kwa sababu Rika amemweleza ubao wa mawimbi ulivyo mpana. Mwanawe hamsemeshi, lakini kwa Sameshima ameweka mshono mara mbili begani. Anasema mgeni hana kosa.

Nilitaka nikuombe uwapigie simu kabla, uwaandae. Nikamwambia Mama hivyo nikiwa naandika hapa. Akaacha sindano.

"Mwambie Chizuko asithubutu. Hao ni watu wa adabu. Wakijua mkanda unafuatwa, wataufua ili waurudishe safi."

Nikasema, Mama, si umeshalowa maji ya bahari? Akasema chumvi ataivumilia, sabuni hapana.

Kwa hiyo wifi, msibishe hodi kwa simu. Nendeni asubuhi na mapema, akiwa ametoka tu baharini, uchukueni ulivyo.

Rika anakusalimu, na shangazi Yoshino, na kasisi pia ameniambia nikufikishie salamu, kwa aibu kidogo. Wasalimie shemeji na watoto wote, mmoja mmoja. Nuru ya Amida iwafunike huko mliko, nanyi mtutaje nasi hapa.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, ingawa nimechoka,
Fumie