Sijamwacha Baba Mkwe Akosee

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba pia uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujacheka, maana rafiki yangu wa karibu niliyemsimulia alianza kucheka nikiwa katikati, na ushauri sikuupata.

Mimi ni mwalimu, si wa shule bali wa kampuni, kazi yangu ni kuwafundisha watengeneza programu wetu kutumia wingu, na kwa asiyejua, hilo wingu ni jina tu, angani hakuna kitu, ni kompyuta za watu wengine zilizo mbali ambazo unazikodi na kuziendesha kupitia mtandao badala ya kununua zako na kuzifungia chumbani, na kampuni yetu ndiyo inayoendesha mfumo wa miadi wa hospitali na zahanati nyingi, yaani mama akipangiwa siku ya kumrudisha mtoto kliniki, sisi ndio tunaoitunza siku hiyo isipotee. Miaka yote mfumo huo umekaa kwenye chumba cha seva kule ghorofa ya chini, chumba kimoja chenye baridi hata jua likiwaka, na mtunzaji wake ni mzee mmoja ambaye ofisi nzima inamwita Mzee Seva, anayeingia humo na sweta lake la kijivu na kuzipapasa zile mashine mgongoni kama ng'ombe wa maziwa, na huyo Mzee Seva, mshauri, ndiye baba mzazi wa mke wangu, ambaye nilimwona mara ya kwanza pale mapokezi alipokuja kumletea baba yake miwani aliyoisahau nyumbani.

Nikueleze ni mtu wa namna gani ili unielewe. Ni mtu wa taratibu, nguo zake hupiga pasi mwenyewe, redio husikiliza habari tu kisha huizima, chai hagusi kwa sababu ya vidonda vya tumbo, anakunywa maji ya uvuguvugu, hapigi kelele na hajawahi kunivunjia heshima hata siku moja, na mimi mbele yake hata kucheka kwa sauti sijawahi, nikikaa naye sebuleni napakata mikono kama mtu anayesubiri matokeo ya vipimo.

Sasa uongozi umeamua chumba cha seva kifungwe na mfumo wote uhamie kwenye wingu, na wafanyakazi wa kule ghorofa ya chini wakaambiwa ama wajifunze ama waage, wenzake wakaaga, yeye akapanda ngazi na sweta lake akaja kukaa darasani kwangu, mstari wa mbele.

Darasa langu lina utaratibu wake ambao najivunia. Kila mwanafunzi nimempa uwanja wake wa mazoezi, yaani sehemu yake ya hizo kompyuta za kukodi, ajenge anachotaka, avuruge anachotaka, na kila Ijumaa viwanja vyote vinafutwa, Jumatatu kila mtu anaanza na uwanja mtupu, kwa sababu wingu hujifunzi kwa kusoma bali kwa kuharibu na kujenga upya, na ukutani nimebandika karatasi kubwa inayosema HAPA KUHARIBU NI RUHUSA. Na wanaharibu kwelikweli. Kuna kijana alifuta mashine ileile aliyokuwa anaitumia wakati huo, akabaki anaangalia skrini tupu, tukampigia makofi.

Siku ya kwanza zoezi lilikuwa rahisi tu, unawasha mashine mbili na kuzifanya ziongee, na kosa la kila mgeni ni kusahau kuzifungulia mlango, kwa sababu kwenye wingu mashine zote huzaliwa zimefungiwa milango, na baba mkwe, ambaye kwenye chumba chake mashine zilikuwa zinaongea tangu alipochomeka waya, akasahau vilevile, maandishi mekundu yakajaa skrini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaangalia tena. Vijana wa rika la wajukuu zake wakawa wanachungulia. Mshauri, nilitakiwa kusema neno moja tu, "Umekosea," neno ninalowaambia wengine kutwa nzima bila hata kuinua macho, lakini mdomo ulikuwa mzito, nitamwambiaje mzee aliyenipa binti yake kwamba amekosea mbele ya watu, basi nikarudi mezani kwangu, na kwa kuwa mimi kama mwalimu ninao ufunguo wa viwanja vyote, nikaingia uwanjani kwake kimyakimya nikamfungulia mlango, maandishi yakawa kijani, akajinyoosha kitini na kuwaambia wale vijana, "Hizi zinataka utulivu tu."

Ndivyo ilivyoanza. Nilisema ni siku hiyo tu, ikawa desturi. Mwanzoni nilipata tabu kwa sababu hakuwa anaondoka kitini, ikabidi nimpigie simu ya ofisini nijifanye nauliza habari za waya za zamani ili ageuze shingo kidogo nifanye kazi, na siku moja alikwama vibaya nikalazimika kutangaza zoezi la kujihami na moto, jengo zima likatoka nje likasimama juani, mkurugenzi akiwemo, mpaka nilipomaliza. Siku hizi namshukuru Mungu mambo yamekuwa mepesi, akikwama tu anasimama mwenyewe na kusema kwa sauti, "Naenda kunywa chai kidogo," anatoka, mimi natengeneza bila haraka, akirudi anakuta kila kitu kijani.

Na Ijumaa ya kwanza alikuja mezani kwangu akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na zangu pia zinafutwa?" kwa namna ambayo mtu huulizia maiti, maana katika maisha yake yote ya kazi mashine haizimwi, achilia mbali kufutwa, na mimi nikajisikia nasema, "Zako hapana, Baba." Kwa hiyo uwanja wake haujawahi kufutwa. Hajawahi kuanza na uwanja mtupu. Kila kilichomo humo kina mkono wangu.

Sasa maji yamenifika shingoni. Mkuu wa idara aliangalia viwanja vyote, akaona vya wengine vimejaa wekundu na makaburi ya mashine, cha Mzee Seva kijani kitupu, na kwenye mkutano wa wafanyakazi akatangaza kwamba yeye ndiye atakayeuhamisha mfumo wa miadi, mfumo wenyewe wa kweli, na kwa sababu za usalama siku hiyo ufunguo utakuwa mkononi mwa mtu mmoja tu, hata mimi sitaweza kuingia. Watu wakapiga makofi. Yeye akakohoa, akavua miwani akaifuta. Nyumbani mke wangu ameshawapigia simu ndugu wote, "Baba yangu hajawahi kushindwa na kitu," mama mkwe amemnunulia shati jipya, na mimi hamu ya kula imeniisha, kwa sababu najua atawasha zile mashine zikiwa zimefungwa milango na hatajua mlango uko wapi, na asubuhi yake kina mama watafika kliniki na watoto mgongoni waambiwe majina yao hayapo, na wa kwanza kufukuzwa atakuwa yeye, mbele ya vijana walewale.

Nifanye nini? Nikimwambia mkuu wa idara nimemwaibisha mzee na kazi yangu nimeitia kitanzi, nikimwambia mke wangu atamwambia mama yake na kufikia jioni ukoo mzima utakuwa umejua, kujifanya mgonjwa nimefikiria lakini hakumsaidii mtu, na limebaki wazo moja ambalo naona aibu kuliandika, kwamba nijitengenezee ufunguo wa siri nimsaidie siku hiyo pia kama kawaida, na kwa ukweli ndiko ninakoelekea. Wiki ijayo ni mazoezi ya mwisho. Nisaidie, tafadhali.

Mkwe Niliyebanwa

*

Mkwe uliyebanwa,

Sikucheka. Nilikaribia pale jengo zima lilipotolewa juani, lakini nikafika kwenye watoto wa kliniki nikaacha.

Tuanze na huo ufunguo wa siri, kwa sababu umeuweka mwishoni ukidhani nitakuwa nimechoka kusoma. Usiuguse. Ukikamatwa utaitwa mwizi, na usipokamatwa itakuwa mbaya zaidi, maana utaendelea kuwa mkono wa baba mkwe wako mpaka mmoja wenu astaafu au afe. Hilo limekwisha, tusilirudie.

Mimi kompyuta sizijui. Yangu naiwasha, na ikinishinda naizima. Lakini darasa nalijua, nimefundisha kabla sijawa mtu wa kujibu barua, na nakwambia umefanya jambo ambalo mwalimu hafanyi. Umebandika ukutani kwamba kuharibu ni ruhusa, ukawapa ruhusa hiyo vijana wote, ukamnyima mtu mmoja tu, yule aliyekuwa anaihitaji kuliko wote. Yule kijana wako aliyefuta mashine na kupigiwa makofi, leo ukimwamsha usingizini atakueleza alikosea wapi. Baba mkwe wako utamwamsha akueleze nini? Kwamba zinataka utulivu?

Na wewe hili unaliita heshima. Mwanangu, umekuwa ukimpaka mzee wa watu mafuta kwa mgongo wa chupa, ndicho ulichokuwa ukifanya. Heshima ni kumwona mtu anaweza. Wewe siku ya kwanza kabisa, kwenye mlango mmoja uliofungwa, ulishaamua kwamba hawezi, na hukumpa hata nafasi ya kuukuta mwenyewe. Mtu aliyeweka miadi ya watoto salama miaka yote hiyo kwenye chumba cha baridi, unadhani angekufa kwa maandishi mekundu? Uliyekuwa unamwokoa ni wewe mwenyewe, usije ukatoka jasho mbele ya mkwe. Nakuonea huruma, kweli, najua sebule ya ukweni ilivyo. Lakini aibu yako umeiacha ikue mpaka imefika hospitali.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kuna jambo umeliandika wewe mwenyewe kwa mkono wako na hukuliona. Nimeisoma barua yako mara ya pili kwa ajili yake. Umeniambia baba mkwe wako chai hagusi, ana vidonda vya tumbo. Kisha, ukurasa wa pili, unamshukuru Mungu kwamba siku hizi akikwama anakwenda kunywa chai.

Chai gani?

Mzee anajua. Pengine hakujua wiki za mwanzo, ulipokuwa ukimpigia simu kuulizia waya za zamani, lakini mtu aliyekesha na mashine maisha yake yote anatambua pale mtu mwingine alipozigusa. Amejua, akatafuta namna ya kukupa nafasi bila kukutia aibu, akasimama na kutangaza chai kwa sauti ili usikie, akaenda kusimama huko korido na tumbo lake mpaka akadhani umemaliza. Wewe umekuwa ukimsitiri, na yeye amekuwa akikusitiri wewe. Na siku ile ya mkutano, alipokohoa na kufuta miwani, wewe ulikuwa unahesabu aibu zako na hukumwangalia. Miwani yake huwa anaifuta wakati gani? Umeniambia mwenyewe. Anapoona wekundu. Yule mzee anaogopa, mwanangu, na mtu pekee wa kumwambia ni mkwewe, na mkwewe akikaa naye anapakata mikono.

Kwa hiyo kazi ya kuvunja ukimya ni yako, kwa kuwa wewe ndiye mwalimu na wewe ndiye mdogo. Usiende nyumbani kwake, huko mtakaribishana mpaka muda uishe. Mfuate darasani wenzake wakiwa wamekwenda kula. Mwambie umekuwa ukiingia uwanjani kwake, na kwamba hukufanya vile kwa kumdharau. Usimwambie bado kwamba umejua habari za chai, hiyo mwachie kwanza. Halafu mwombe aufute uwanja wake. Wote, kwa mkono wake mwenyewe, wewe ukiwa umekaa pembeni. Itamuuma, mwache imuume, hajawahi kufuta kitu. Kisha aanze na uwanja mtupu kama walivyoanza wengine. Ule ufunguo wako wa kuingilia uwanjani kwake mpe mtu mwingine autunze wiki nzima, simwamini mtu mwenye desturi.

Siku ya mazoezi ya mwisho mtajua. Akiweza kujenga kutoka mwanzo bila wewe, mwache auhamishe mfumo, na shati jipya avae. Asipoweza, mwende wote wawili kwa mkuu wa idara, muingie mlango mmoja, mseme siku isogezwe na kazi ifanywe na watu wawili. Utakaripiwa. Karipio halijaua mtu, na miadi ya mtoto wa mtu si uwanja wa mazoezi wa familia yenu. Mkeo usimwambie kitu, hiyo ni habari ya baba yake, na akitaka kuisimulia ataisimulia mwenyewe, pengine siku mtakapokuwa mnaicheka.

Lililo gumu nimelibakiza mwisho. Atakaa mbele ya ule uwanja mtupu, atawasha mashine zake, milango itakuwa imefungwa, na maandishi mekundu yatakuja. Mikono yako ikae mapajani. Atavua miwani, ataifuta, atasimama na kusema anakwenda kunywa chai kidogo. Hapo ndipo utakapofanya ile kazi uliyoajiriwa kuifanya. Mvutie kiti karibu, umwambie, "Baba, kaa. Chai hunywi."