Vitambaa Viwili vya Kukalia

Jonna, upo? Nimejifungia chooni kwa mama mkwe, nywele bado zinachuruzika maji. Hutaamini.

Leo nimeingia sauna na wanawake wa huku, kwenye chumba chao cha mvuke. Mimi! Miaka yote nasingizia kuumwa kichwa kwa ajili ya huu ugonjwa wangu wa ngozi, soriasisi. Leo mama mkwe Tellervo kanishika mkono, "Mkwe, twende, mtoto atabaki na baba yake."

Naingia, naona kila mtu katandikiwa kitambaa kimoja cha kukalia. Mahali pangu viwili. VIWILI, Jonna! Nikajua tu, wanaogopa magamba yangu yatadondokea ubao wao.

Wifi Saimi akaniangalia viwiko, akatazama pembeni. Nikaapa moyoni, hata mwanangu hataingia humu.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, kwa nini mimi viwili?"

"Ubao wa juu unachoma, we mtoto, na ngozi yako imepasuka. Ulitaka ukalie moto?"

Saimi akadakia, "Mimi naungua kila Jumamosi, sijawahi kuonewa huruma!"

Sikuamini. Maneno matamu tu hayo. Si unanijua?

Halafu Tellervo akanipa brashi, akanigeuzia mgongo. "Nisugue wewe. Saimi ananimenya kama kiazi." Nikasugua huku namvizia kama atajikunyata. Wapi! Anasinzia.

Nilipomaliza akasema, "Haya, geuka na wewe."

Jonna, mgongo huu hata mume wangu namgeuzia taa ikishazimwa.

Nimegeuka. Brashi kaiweka chini. Kaniosha kwa kiganja chake.