Muratina ya Mama Iko Maabara

Mama, umeamkaje huko Kitui? Hapa Upper Hill, Nairobi, ni baridi ya sweta mbili, lakini leo nimeisahau. Mwanangu Mwende amenionyesha maabara yao. Kumbe ile muratina aliyokuomba Krismasi, lile tunda kavu la kuchachushia pombe, ina hamira hai! Kila asubuhi anahamishia tone lenye hamira hizo kwenye chakula kipya, jinsi ulivyokuwa ukitoa tunda kwenye pombe moja na kulitia kwenye nyingine. Hamira za kwanza kabisa amezigandisha kwenye friza. “Hazijafa, zimelala tu,” akasema. Huziamsha alinganishe jeni zao na za vitukuu vyao, aone zilivyobadilika. Nilinusa chupa moja, nikajiona niko jikoni kwako.

Najua umeokoka na pombe umeiacha, na muratina zilizobaki unataka kuzichoma. Tafadhali ngoja kwanza, Mama. Kila chupa humu Mwende ameiandika jina lako.

Akupendaye,
Kalunde