Mboga za Kwenye Josho

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie upesi maana nyumbani kwangu hakukaliki. Mimi nimeolewa huku Kuresoi na kazi yangu ni kupima udongo ulioingiwa na sumu, na tuna mashine ndogo ya kushika mkononi, unaigusisha ardhini na kwa dakika chache inakuonyesha sumu iliyomo, sasa akina mama wa kanisa letu walipewa shamba palipokuwa josho la kuogeshea ng'ombe zamani, wakapanda sukuma wiki, na mwenyekiti wao ni mama mkwe wangu, nikapita pale peke yangu nikapima, nikaogopa sana kwa sababu ile dawa ya kupe ya zamani bado imo udongoni. Jumapili baada ya ibada nikasimama na mashine mkononi nikawaambia wasivune, wakacheka, mzee wa kanisa, Kipketer, akasema, "Hiyo si ni ile ya supermarket ya kusoma bei? Mchanga inapelekwa Nairobi kwa lab, majibu inakuja na muhuri!" Majibu ya Nairobi yatachukua wiki nyingi na sukuma imeshakomaa, na binti yangu Cheruto hula kwa gogo yake, yaani bibi yake, huyo mama mkwe, kila akitoka shule, basi nikamkataza kula mboga huko, naye akaenda akamwambia, "Mum amesema chakula yako iko na sumu." Tangu hapo mama hanisalimii, mume wangu ananiuliza kama nimemwita mamake mchawi, na Cheruto akishika tumbo tu moyo wangu unaruka. Nifanyeje?

Jepkemei, Kuresoi

Pole sana, mama Cheruto. Hofu yako ni ya haki, lakini ngoja nikugombeze. Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Mashine yako haina kosa, mwenye haraka ni wewe. Ulipima bila shahidi, halafu ukamwaibisha mwenyekiti mbele ya kanisa zima! Mama mkwe huambiwa jikoni, mkimenya viazi. Tena ukamwacha mtoto apeleke ujumbe ambao kwetu una maana moja tu, na unaijua.

Nenda kwake kesho. Omba msamaha kwa namna ulivyosema, lakini ulichosema usikirudishe. Kisha mpe mashine aishike mwenyewe. Aanzie bustani yake ya nyuma ya jikoni, ambako hakujawahi kuwa na josho, ndipo mwende shambani, na Kipketer achague mahali pa kupima. Macho yao yaone tofauti.

Na huyo mzee usimdharau. Chukueni udongo wa pale sumu ilipozidi, ufungwe mbele yake, uende Nairobi ukathibitishwe. Ila waambie wazi: tunasubiri muhuri bila kuvuna.

Cheruto aendelee kula kwa gogo yake. Peleka sukuma ya shamba lako, keti, mle sahani moja mtoto akiwaona. Gogo akikufungia mlango, kaa hapo nje mpaka afungue. Hiyo mboga ya josho isiingie jikoni mwake kabla yako.